Bagamoyo kwa Miguu, Pamoja na Watoto

Wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam tumekwisha kufika Bagamoyo, ama kwa harusi, ama kwa semina, ama kwa hija. Tumeshuka kwenye gari, tumeimba, tumekula, tumerudi. Mji wenyewe hatukuuona. Mwezi huu ukurasa wetu unawaalika kuutembea kwa miguu, polepole, pamoja na watoto waliokwisha kufikia umri wa kuuliza "kwa nini". Huhitaji kundi wala gari la kukodi. Ni kilomita 70 hivi, kwa njia ya Tegeta na Bunju, na ukitoka mapema utarudi nyumbani kabla ya chakula cha jioni.

Chukua maji ya kutosha, kofia za watoto, na khanga mbili: moja ya kujifunika mabega, maana utapita karibu na misikiti na nyumba za watu wenye heshima zao, na nyingine ya kukalia. Viatu vya kisigino viache kabatini. Beba pia hela ndogo ndogo, kwa kuwa sehemu za kale na makumbusho ya misheni zina kiingilio.

Jambo moja zaidi la kubeba ni swali. Kila mtakaposimama, waulize watoto: "Hapa mama alikuwa wapi?" Habari za Bagamoyo zimejaa majina ya wanaume, Burton na Speke, Stanley na Livingstone, Emin Pasha na Wissmann. Mtoto wa kike akisikia hayo tu kutwa nzima atarudi nyumbani akidhani mji huu haukuwa na wanawake.

Anzeni kwenye jengo la misafara, lile ambalo wageni huliita Caravanserai. Hapa ndipo misafara ya bara ilipofika na kujipanga upya katika karne ya 19. Wapagazi walitembea miezi mitatu au zaidi toka Unyamwezi na Ujiji, pembe za ndovu mabegani, na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kaeni hapo kidogo mzungumze juu ya jina la mji, kwani mtasikia maelezo mawili. Wengine husema ni mateka waliobwaga moyo, yaani walikata tamaa walipoiona bahari. Wengine husema ni mpagazi aliyebwaga moyo, akatua mzigo na uchovu wake, akapumzika.

Mimi naona hili la pili lina nguvu zaidi, nami nitawaambia sababu. Watumwa walipita Bagamoyo, hilo ni kweli wala tusilifiche, lakini bandari kubwa ya biashara hiyo katika pwani yetu ilikuwa Kilwa. Mali kuu ya Bagamoyo ilikuwa pembe, na wengi walioibeba walikuwa watu huru wa bara waliopatana ujira. Tukiwaambia watoto kwamba kila Mwafrika aliyeingia mji huu alikuwa kwenye minyororo, tunawanyang'anya mababu zao waliokuwa mafundi wa safari, waliojua njia, visima na bei. Na wanawake je? Walikuwemo. Wake wengi wa wapagazi walisafiri na waume zao wakibeba sufuria, mikeka na watoto mgongoni, na jioni, mwanamume alipotua mzigo, kazi ya mwanamke ndiyo kwanza ilianza. Hilo, nadhani, halihitaji maelezo kwa wasomaji wa ukurasa huu.

Kutoka hapo fuateni Barabara ya India, ambayo ndiyo njia kuu ya mji mkongwe. Tembeeni upande wenye kivuli. Tazameni milango ya nakshi, mingine imetunzwa, mingine imeachwa ioze, jambo linalotia huzuni. Kuna Ngome Kongwe iliyoanza kama nyumba ya Mwarabu tajiri mwaka 1860, kisha ikawa ya askari, kisha gereza. Kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1897. Bagamoyo ilikuwa makao makuu yao tangu 1888 hadi 1891, walipohamia Dar es Salaam. Mahali palipokuwa pa kunyongea watu wakati wa Wajerumani pana kumbukumbu. Watoto wadogo wapitishe haraka. Wakubwa waambie juu ya Abushiri bin Salim aliyeongoza vita vya pwani mwaka 1888 na 1889, naye akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Mwulizeni mwenyeji yeyote nyumba iitwayo Liku. Usiku wa tarehe 4 Desemba 1889 ilifanyika karamu kubwa hapa mjini kumpokea Stanley na Emin Pasha waliotoka bara. Emin macho yake yalikuwa mabovu. Katikati ya sherehe alitoka nje kwenye ghorofa, akaanguka hadi barabarani, akavunjika fuvu la kichwa. Hakufa, ingawa miaka mitatu baadaye aliuawa huko Kongo. Watembezaji hupenda kusimulia kisa hiki hadi watalii wacheke. Lakini Emin alikuwa na binti mdogo, Ferida, mwenye umri wa miaka mitano hivi, ambaye mama yake Mhabeshi alikuwa amekwisha kufariki. Mtoto huyo ndiye aliyefika pwani na baba yake mgonjwa kitandani, na baadaye akapelekwa Ujerumani kulelewa na shangazi yake. Kicheko kinapungua, sivyo?

Jina lingine la kulitafuta ni Sewa Haji Paroo. Akina mama wa Dar es Salaam, ni nani kati yetu asiyelijua jengo la Sewahaji pale Muhimbili? Tumepanda ngazi zake na chupa za uji na mashuka ya wagonjwa wetu, bila kujiuliza Sewahaji ni nani. Alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyekodisha wapagazi kwa misafara, akatajirika sana, akafa mwaka 1897 akiwa na miaka 46 tu. Fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya wenyeji Dar es Salaam. Hapa Bagamoyo alitoa jumba liwe shule, na akataka ipokee watoto wa rangi zote, jambo lisilo la kawaida kabisa siku zile.

Shukeni sasa hadi ufukweni, penye forodha ya zamani na soko la samaki. Swali letu hapa linajijibu lenyewe. Wanaume wameshusha samaki, mnada unapigwa, na wanawake wamesimama hapo na ndoo zao, macho hayabanduki. Wengine tayari wako mekoni na karai za mafuta. Wafundisheni watoto kuwaamkia, "Shikamoo bibi", kabla ya kuuliza bei. Nunueni samaki wa kukaanga kwao, mle papo hapo. Ni chakula kizuri kuliko chipsi, na hela inakwenda moja kwa moja kwenye ada ya mtoto wa mtu.

Mkishashiba, elekeeni kaskazini hadi misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa kutoka Unguja mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Horner, Mfaransa. Watu husahau kwamba hawakuwa peke yao. Walikuwapo masista wa shirika la Binti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion. Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1848, na shirika hilo likaanzishwa mwaka uliofuata. Liliwapokea hata wanawake waliokuwa watumwa wenyewe. Basi fikiri: baadhi ya masista wa kwanza kumfunga kidonda mtoto wa Kiafrika aliyekombolewa walitoka katika watu walioyajua maumivu yake.

Mmoja wa watoto waliowapokea, kule Unguja kabla misheni ya Bagamoyo haijaanza, aliitwa Suema, Myao wa upande wa kusini. Baba yake aliuawa na simba. Nzige wakala mashamba. Mama akakopa mtama kwa jirani ili watoto wasife njaa, na deni lilipofika hakuwa na cha kulipa. Mwenye deni akamchukua Suema, akamwuza kwa msafara. Mama akaomba afuatane nao, naye akaruhusiwa. Akatembea hadi nguvu zikamwisha, wakamwacha njiani, mtoto akasukumwa mbele akigeuka nyuma. Suema alifika Kilwa, akapakiwa jahazini hadi Unguja, na kwa kuwa alionekana kama maiti wakamvingirisha mkeka, wakamzika katika shimo fupi. Kijana mmoja alisikia sauti, akamfukua, akampeleka kwa masista. Akapona.

Habari hii iliandikwa na Padre Horner na kuchapishwa Ufaransa mwaka 1870 ili kuwagusa watu watoe sadaka, kwa hiyo tuisome tukijua kwamba si sauti ya Suema peke yake. Lakini lile deni la mtama halina alama ya kubuniwa. Sisi tunaokopa unga dukani hadi mwisho wa mwezi tunajua jinsi hesabu ndogo inavyoweza kumkosesha mtu usingizi. Mwambie binti yako kisa hiki, wala usiogope. Mwambie hasa kwamba mama yake alimfuata.

Misheni ilikuwa na watoto mamia, na waliokua wakaoana walipewa nyumba na shamba katika Kijiji cha Uhuru. Tusipambe mno. Waliishi kwa kengele na kazi ya shamba, na wengine walitoroka. Kwa upande mwingine, wakati wa vita vya Abushiri maelfu ya watu walikimbilia hapa na wakapata pa kulala. Makumbusho yana hayo yote. Yapeni saa nzima. Nje yuko mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome. Watoto watadhani ni wa watumwa. Inasimuliwa kwamba ni wa punda wa Madame Chevalier, mama Mfaransa aliyehudumia wagonjwa.

Mnara wa kanisa la kwanza bado umesimama. Tarehe 24 Februari 1874 mwili wa Dakta Livingstone ulifikishwa hapa. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, ambako moyo wake ulizikwa, nao watu wake wakaubeba mwili miezi tisa. Majina ya Susi, Chuma na Jacob Wainwright yanajulikana. Katika kundi hilohilo alikuwamo Halima, mpishi wa Livingstone, na mwenzake Ntaoeka. Livingstone mwenyewe aliandika katika shajara yake jinsi alivyoridhika na kazi ya Halima, kwamba atamkomboa na kumnunulia nyumba na bustani kule Unguja. Alifariki kabla ya kuitimiza ahadi hiyo. Yeye alizikwa Westminster Abbey, London, mwezi Aprili 1874, kati ya wafalme. Simameni chini ya mnara mlitaje jina la Halima kwa sauti, hata kama watoto wataona haya.

Kama miguu bado ina nguvu, nendeni hadi ufukweni penye msalaba, mrudi kwa ile njia ya miembe. Magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13, yako kilomita 5 kusini ya mji. Hayo yawekeni kwa siku nyingine, maana watoto watakuwa wamechoka, na magari ya jioni ya kurudi Dar hujaa haraka.