Ukingo wa Ziwa ni Upi?

Mwaka 1874, Cameron alifika Lukuga, mto pekee utoao maji ya Ziwa Tanganyika, akaukuta umezibwa na majani na tope. Miaka michache baadaye mto ulizibuka, ziwa likashuka, na Ujiji ikaachwa mbali na maji. Mwaka 2024 ziwa lilifurika, likaingia katika majumba ya mwambao. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hulinda mita 60 kutoka ukingoni. Lakini ukingo upi, wa kiangazi hiki au wa ramani ya kale? Tunawasihi maofisa wa ardhi na wananchi wa Bangwe: kabla ya kiwanja kupimwa, ramani hizo zitazamwe kwanza. Maji hufuata mkondo.