DAWA YA JANA IMEENDA WAPI?

Nyanya yangu ana ugonjwa wa sukari. Likizo iliyopita alikataa kudungwa sindano yake. "Mjukuu wangu, si jana nilidungwa? Hiyo dawa ya jana imeenda wapi?" Jirani mmoja akadakia, ati hizo ni njama za kumaliza pesa za wazee. Nami mwanafunzi wa biolojia nikabaki kimya, sina jibu.

Sasa jibu ninalo. Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho ili seli zipate kupokea sukari iliyo katika damu. Ikishafanya kazi haiachwi ikae tu. Katika kromosomu ya 10 kuna jeni inayoagiza kutengenezwa kwa kimeng'enya cha kuikatakata. Nusu ya insulini inayotolewa na mwili hutoweka damuni kwa dakika chache tu. Ile ya sindano hutengenezwa iingie damuni polepole, lakini nayo mwishowe huisha. Kumbe dawa ya jana ilikwisha vunjwa!

Wengine watasema, "Basi kimeng'enya hicho kizuiwe!" Mimi sikubaliani nao. Insulini isipoondolewa, sukari hushuka kupita kiasi na mtu aweza kuzirai. Isitoshe, kimeng'enya hicho hicho huvunja pia glukagoni, homoni inayopandisha sukari. Mwaka wa 2014 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba walikizuia katika panya. Kuna wakati sukari ilishuka vizuri, na kuna wakati ilipanda. Kwa hivyo si adui.

Adui ni kutoelezana. Mgonjwa huambiwa, "Dungwa kila siku," wala haambiwi kwa nini. Asipojua sababu, atamwamini jirani. Na sisi je? Mambo haya tunayasoma kwa Kiingereza, tunayaandika kwenye mtihani, halafu tunayaacha darasani.

Nilimweleza nyanya kwa Kiswahili chepesi: insulini ni kama maji ya mtungi. Ya jana yametumika, leo lazima tuteke mengine. Akacheka, akasema, "Mbona hamkuniambia hivyo mapema?" Kisha akaitisha sindano yake.

Shime wanafunzi wenzangu! Sisi tunaorudi nyumbani kila jioni tuwapelekee wazee wetu tuliyojifunza, kwa lugha wanayoielewa. Wahenga walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali.