Gari Kuukuu na Kipupwe: Suala la Uhalisia katika Filamu za Bunilizi ya Kisayansi

Uhakiki wa filamu za bunilizi ya kisayansi umezoea kuuliza swali moja, nalo ni swali dhaifu. Huuliza iwapo mambo yanayoonyeshwa yanaafikiana na kanuni za fizikia. Je, mlipuko waweza kusikika mahali pasipo hewa? Je, chombo chaweza kuipita nuru kwa kasi? Mhakiki wa aina hii huikabili filamu kama mkaguzi wa magari anavyolikabili basi: hushika kalamu, huandika kasoro, na orodha inapojaa huamini kwamba amehakiki. Mwanafunzi wa uzamili hujifunza upesi kwamba sifa hupatikana kwa njia hiyo, maana kosa la fizikia halina ubishi. Lakini hakuna amuulizaye ni nani, ndani ya ulimwengu wa filamu ile, anayekitengeneza chombo kinapogoma; ni nani anakimiliki; vipuri vyake hutoka wapi; na gharama humwangukia nani. Hayo ndiyo maswali ya uhalisia. Fizikia ni jambo la pili.

Upande wa pili wapo wanaoukana utanzu wenyewe. Kwa maoni yao, mwanafunzi aliyekulia Runyenjes au Maua hana haja na vyombo vya angani, kwa kuwa hizo ni ndoto za watu walioshiba mitambo. Makundi haya mawili hudhaniwa kuwa mahasimu, ilhali yana dhana moja: kwamba mtambo ulioko katika filamu uko mbali mno na mtambo ulioko uani kwa mtazamaji. Dhana hiyo haiwezi kustahimili asubuhi moja ya Julai katika nyanda za Embu na Meru.

Ikweta hupita karibu na mji wa Meru, na kwa sababu hiyo wageni hudhani kwamba baridi ni habari za Ulaya. Mwenye gari kuukuu hadanganyiki hivyo. Kuanzia Juni hadi Agosti kipupwe huyafunika mashamba ya chai na kahawa kwa ukungu na manyunyu, na huko Timau, juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, baridi ya alfajiri ni ya kuuma. Hapo betri iliyochoka hupungukiwa nguvu kwa kuwa kemia yake huzubaa. Oili nayo huwa nzito, hivyo injini hudai nguvu nyingi zaidi ili izunguke, katika saa ile ile ambayo betri ina nguvu chache zaidi za kutoa. Katika gari la kabureta petroli haigeuki mvuke kwa wepesi, ndiyo sababu choki huvutwa. Ikivutwa kupita kiasi plagi hulowa na safari huahirishwa. Unyevu wa ukungu huingia chini ya kifuniko cha distribyuta na kuupoteza umeme njiani. Kutokana na hayo ikazuka elimu nzima isiyoandikwa popote. Gari hulazwa mteremkoni likielekea chini, ili asubuhi lishuke kwa uzito wake na gia ya pili iliamshe. Injini hufunikwa gunia usiku. Distribyuta hupanguswa kwa kitambaa kikavu kabla ya jua kutoka. Majirani wa kusukuma hujulikana kwa majina, na deni lao hulipwa kwa lifti ya kwenda sokoni.

Enzi za Peugeot 404 na 504, zilizobeba abiria kati ya Nairobi, Embu na Meru kwa miaka mingi, elimu hii ilikuwa mali ya umma. Leo kabureta zimeadimika, na gari linalozeeka katika barabara hizo aghalabu ni Toyota Probox. Lakini betri ni ile ile na baridi ni ile ile. Isitoshe, kanuni ya Kenya inayoruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini mradi halijapita miaka 8 ina maana kwamba gari lipya la watu wengi lilikwisha kuishi maisha ya kwanza kwingineko, mara nyingi Japani. Mnunuzi hulipokea likiwa na historia asiyoijua, nayo humfikia kidogo kidogo: mlio wa beringi leo, moshi wa buluu mwezi ujao. Kumiliki gari la namna hii ni kusoma matini ambayo kurasa zake za mwanzo zimenyofolewa.

Ni kwa kigezo cha elimu hii kwamba filamu zinapasa kupimwa. Katika makala yake ya mwaka 1936 kuhusu kusimulia na kueleza, Georg Lukács alilinganisha mashindano ya farasi katika riwaya ya Zola, Nana, na yale ya Anna Karenina ya Tolstoy. Zola, kwa maoni yake, ameyaeleza mashindano kwa ustadi wa mtazamaji. Tolstoy ameyasimulia kama sehemu ya majaliwa ya wahusika. Tofauti hiyo yafaa kuhamishiwa kwenye kutu. Filamu yaweza kuieleza kutu, yaani kuipaka rangi ubavuni mwa chombo ili kionekane cha zamani. Yaweza pia kuisimulia, yaani kuifanya kutu imgharimu mtu kitu. Wahakiki wengi wameridhika na ile ya kwanza.

Chukua Star Wars ya George Lucas (1977), inayosifiwa kila mahali kwa kuonyesha ulimwengu uliochakaa badala ya ule unaong'aa. Sifa hiyo ni haki kwa kiasi fulani. Lakini katika filamu iliyofuata ya mwaka 1980, Han Solo hupiga kofi ukuta wa chombo chake na taa zikawaka. Watazamaji hucheka. Katika Back to the Future (1985) gari la kusafiria wakati hukataa kuwaka dakika ile ile linapohitajika. Kijana hugonga usukani kwa kipaji cha uso, likawaka. Watazamaji hushangilia. Sasa linganisha na fundi wa juakali pembeni mwa soko la Embu, anayechukua spana na kuigonga stata mara mbili huku mwenye gari akizungusha ufunguo. Naye hugonga, na gari huwaka. Hata hivyo hajatenda muujiza wala kichekesho. Anajua kwamba brashi za ndani ya stata zimelika na hazigusi vema, na kwamba mtikiso utazirudisha mahali pake kwa siku chache tu. Kofi lake ni uchunguzi wa maradhi, na hufuatwa na hukumu: stata ifunguliwe kabla ya Ijumaa. Kofi la Han Solo halina Ijumaa. Ndiyo maana uchakavu wa chombo chake, kwa uzuri wake wote, umebaki kuwa pambo.

Kinyume na matarajio, filamu inayomkaribia zaidi fundi huyu ni ile inayolaumiwa kwa usafi na ubaridi wake, 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick (1968). Wapimaji wa fizikia huisifu kwa ukimya wake wa angani, kisha wakapita bila kuona kiini cha uhalisia wake. Kompyuta ya chombo hutangaza kwamba kipuri kimoja cha mawasiliano kitaharibika karibuni. Wanaanga hukitoa, hukipima, wasione kasoro. Ndipo kompyuta inapopendekeza kwamba kirudishwe mahali pake na kuachwa kiharibike, kwani hapo chanzo kitajulikana kwa urahisi. Hakuna mwenye gari kuukuu kati ya Chuka na Meru asiyewahi kupewa ushauri huo. Gari hukoroma njia nzima, likifika gereji hutulia kama mtoto mbele ya daktari. Fundi hufunga boneti na kusema liendeshwe tu mpaka life kabisa, ndipo ajue. Hofu yote ya filamu ile imetundikwa juu ya hali hiyo: ni nani wa kuaminiwa, mtambo, kipimo, au yule anayetafsiri kipimo? Kubrick amesimulia kasoro, hakuipaka rangi.

Hata hivyo, hilo la imani halitoshi bila suala la umiliki, na hapa Alien ya Ridley Scott (1979) yazipita zote mbili. Chombo chake, Nostromo, kinakokota mtambo wa kusafishia madini wa kampuni. Wahandisi wake, Parker na Brett, hawana maneno matukufu juu ya hatima ya binadamu. Wanalalamikia mgawo wao wa malipo, na kazi ya matengenezo inapoanza wanajua ni mikono ya nani itakayoungua. Mahitaji yao hayatofautiani sana na ya dereva wa gari la miraa kutoka Maua ambaye gari si lake, lakini taabu ya gari hilo ni yake. Filamu inayofahamu kwamba anayemiliki mtambo na anayeutengeneza ni watu wawili wenye maslahi mawili imekwisha kuwa ya kihalisia kabla hata zimwi halijatokea.

Inafaa pia kuitendea haki Back to the Future Part III (1990), filamu nyepesi isiyotarajiwa kutajwa katika mjadala huu. Gari hufika mwaka 1885 na kupoteza petroli yake. Injini ni nzima, lakini haina faida, kwa kuwa katika nchi nzima hapana mahali pa kununua petroli. Kwa mzaha, filamu imegundua kwamba gari si kitu kimoja. Ni kituo cha mafuta, barabara, duka la vipuri, fundi na jirani wa kusukuma, vyote vikiwa vimekunjwa ndani ya bati moja. Mwenye gari wa Kibirichia hakuhitaji kuambiwa.

Je, filamu zinazoihusu Afrika zimefanya nini? Black Panther (2018) ilipokewa kwa fahari, na fahari hiyo inaeleweka. Lakini Wakanda ni nchi isiyo na gereji. Madini yake hutatua kila jambo, na werevu wote wa mitambo umewekwa katika maabara ya binti mfalme. Kama Afrika ya kesho imekosa mtu mwenye oili kwenye kucha, basi imeazima ndoto ya yule yule ambaye filamu ilidai kumpinga. Katama Mkangi alikwisha kuonyesha njia nyingine katika riwaya yake Walenisi (1995), ambamo Dzombo husafiri kwa chombo cha angani hadi nchi ambayo jina lake, likitenganishwa, husomeka kuwa "wale ni sisi". Kwa jina hilo tu mwandishi ameukataa umbali ambao yale makundi mawili ya wahakiki yanaushikilia. Inasikitisha kwamba riwaya hiyo hujadiliwa sana kama istiari ya siasa, na safari yake ya angani ikachukuliwa kuwa kisingizio tu.

Pingamizi moja linastahili jibu. Inaweza kudaiwa kwamba hoja hii inautukuza ufukara, na kuugeuza uchakavu wa magari ya Wakenya kuwa fadhila ya kisanaa. La hasha. Kati ya Embu na Meru barabara hushuka na kupanda mabonde ya mito mingi, na bonde la Nithi linajulikana na kila msafiri. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Mtazamaji aliyewahi kuuteremka mteremko ule hawezi kuiona filamu ya chombo kilichokosa udhibiti kwa moyo mweupe. Kwake kushindwa kwa mtambo si kionjo cha taharuki cha kunyoosha tukio, bali ni jambo lenye majina, mazishi na maswali juu ya nani alipaswa kukagua nini. Kudai kwamba filamu ichukulie mtambo kwa uzito huo ni kinyume kabisa cha kuutukuza uchakavu.

Kwa kigezo hicho, filamu ya Kenya inayostahili kuhakikiwa kwa ukali zaidi ni ile iliyo bora zaidi, Pumzi ya Wanuri Kahiu (2009). Kwa muda wa takribani dakika 20 tu imeonyesha jamii iliyofungiwa ndani baada ya vita vya maji. Jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena. Umeme huzalishwa kwa miili ya watu juu ya mashine za mazoezi. Hapa gharama ya mtambo imeonekana, na imelipwa kwa mwili. Lakini mitambo yenyewe haigomi kamwe. Hakuna kichujio kinachoziba, hakuna mwenye spana. Mfanyakazi pekee wa matunzo ni msafishaji wa choo, mwanamke ambaye ndiye anayemsaidia Asha kutoroka. Yeye peke yake, katika jengo lile zima, anajua njia za uchafu na milango ya nyuma, kwa sababu ndizo kazi zake. Asha akishatoka jangwani na mche wake, kamera humfuata yeye. Msafishaji amebaki ndani, na filamu haikurudi kumtazama.