Sufuri ya 07 si Urembo

Pesa zikishaingia kwenye simu, kazi ya mweka hazina ndiyo kwanza inaanza. Kuna kuandika. Nani ametuma, lini, ngapi, ni mchango au ni ya kulipa mkopo, nani bado. Hapa Mwatate vikundi havihesabiki: kina mama wa Chawia na Ronge, vijana wa bodaboda, wakulima wanaopeleka mboga Voi, vibarua wanaochangiana mwenzao akifiwa. Zamani yote yalikaa kwenye daftari moja. Siku hizi mengi yamehamia kwenye jedwali la Excel au Google Sheets, na kwa vile orodha haikai mahali pamoja, kila mwezi inakopiwa. Inatoka simu ya katibu inaenda laptopu ya mweka hazina, inatoka hapo inaenda saiba kuchapishwa, inatoka jedwali la mwaka jana inaingia la mwaka huu.

Mambo huharibika hapo kwenye kukopi na kupesti. Na nionavyo, sisi tunaoelimisha watumiaji wa pesa za simu tumeliacha jambo hili kana kwamba ni la watu wa ofisi. Tunawaambia wateja walinde PIN, wasimpe mtu simu, wahakikishe jina kabla ya kutuma. Ni sawa kabisa. Lakini si lazima awepo tapeli ndipo kibarua wa Mwakitau akose mshahara wake Jumamosi. Orodha iliyopestiwa vibaya inatosha.

Tuanze na sufuri, kwa sababu ndiyo huanza kupotea. Nambari zetu za simu huanza na 07 au 01. Programu ya jedwali haijui kwamba ile ni simu. Inaona tarakimu, inadhani ni hesabu, na kwenye hesabu sufuri ya mbele haina kazi, kwa hiyo inaitupa. Nambari ya tarakimu kumi inabaki na tisa. Mwenye orodha anaona 712 mahali pa 0712, anajisemea "si bado inaeleweka", anaendelea. Kwa macho ya mtu inaeleweka. Kwa mashine inayosoma orodha ya malipo, ile si nambari ya simu tena.

Mwingine anaamua kuandika kwa 254 ili kukwepa hiyo sufuri. Sasa tarakimu ni 12, na Excel, kwenye seli ambayo haijapangwa, huifupisha nambari ndefu kiasi hicho ionekane kama 2.54712E+11. Wengi wakiiona wanasema laptopu ina virusi. Haina. Nambari kamili bado iko ndani ya seli, kilichobadilika ni mwonekano. Hatari inakuja ukiihifadhi orodha hiyo kama faili ya CSV, aina inayotumika sana kupakia malipo ya watu wengi kwa mpigo. CSV haibebi umbo la seli, inabeba kile kinachoonekana. Ukihifadhi hali E+11 bado iko pale, siku ukiifungua tena tarakimu sita za mwisho zimegeuka sufuri, na watu wote ambao nambari zao zilianza sawa wamekuwa mtu mmoja. Hapo hata ukipanua safu vipi, nambari hairudi. Imekwenda. (Kinyume chake, ukiona alama za #### usiogope. Hiyo ni safu nyembamba tu, ivute upande na tarakimu zitaonekana.)

Ndiyo maana nasema umbo la jedwali si urembo. Ile "Text" au "Number" unayoipuuza kwenye menyu ndiyo inayoiambia programu kama hizi tarakimu ni kitu cha kujumlishwa au ni jina la mtu kwa njia nyingine.

Tarehe nazo zina ujanja wake. Ujumbe wa M-PESA huandika siku kwanza, kisha mwezi. Laptopu nyingi zinazouzwa zimepangwa kwa Kiingereza cha Marekani, ambako mwezi hutangulia. Pesti 3/4 kutoka kwenye ujumbe na laptopu hiyo itasoma Machi tarehe 4, si Aprili tarehe 3. Pesti 13/4, itatafuta mwezi wa kumi na tatu, itaukosa, na itaacha maandishi yalivyo. Kwa hiyo orodha moja inakuwa na tarehe za aina mbili, nyingine zimegeuzwa na nyingine ni maneno tu. Ukipanga kwa tarehe, malipo ya Aprili yanaruka kwenda Machi. Mama aliyelipa mapema anaonekana amechelewa, anatozwa faini mbele ya wenzake, na hana la kusema kwa sababu "kompyuta imeonyesha". Mimi hilo ndilo linaloniuma kuliko hata pesa yenyewe. Watu hawabishani na kompyuta hata pale wanapojua wamelipa.

Kiasi cha pesa pia. Ukikopi "Ksh1,000.00" jinsi ilivyo kwenye ujumbe, kuna uwezekano mkubwa jedwali litaichukua kama neno. Kanuni ya SUM hairukii neno kwa kelele, inaliruka kimyakimya. Jumla inatoka, inaonekana nzuri, ila haina elfu moja ya mtu. Dalili iko wazi ukijua pa kuangalia: nambari halisi hujipanga upande wa kulia wa seli, maneno upande wa kushoto. Shida ni kwamba tunapenda kuweka kila kitu katikati ili jedwali lipendeze, na kwa kufanya hivyo tunaficha dalili hiyo hiyo.

Tusidhani ni kwetu tu kwa sababu hatukusomea kompyuta. Juni 2003 kampuni ya umeme ya TransAlta huko Kanada ilitangaza kwamba kosa la kukata na kupesti kwenye jedwali la Excel limeigharimu dola milioni 24 za Marekani. Bei za zabuni zake hazikukaa kwenye mistari yake. Wanasayansi wa jeni nao walisumbuliwa miaka na miaka na jeni zilizoitwa SEPT1 na MARCH1, kwa sababu Excel ilizigeuza tarehe za Septemba na Machi. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba imeyabadilisha majina yenyewe. Hebu fikiria, ilikuwa rahisi kubadilisha jina la jeni kuliko kuwafundisha watu wote kupanga seli. Oktoba 2023 Microsoft wakaweka kwenye Excel ya kompyuta mahali pa kuzima mageuzi haya: ingia "File", kisha "Options", kisha "Data", utakuta chaguo la kuacha sufuri za mbele zikae. Kama laptopu ya kikundi ina Excel mpya, zima leo.

Kosa lile la mistari kutolingana linatokea hata kwenye chama cha watu 30. Umechuja orodha ili uone tu ambao hawajalipa. Ukapesti viwango juu ya hao unaowaona. Excel inapesti pia kwenye mistari iliyofichwa, kwa mfuatano, bila kukuuliza. Ukiondoa kichujio, pesa ya Mghoi iko kwa Mwakio. Kwa hiyo ondoa kichujio kabla ya kupesti chochote.

Sasa niseme jambo ambalo huenda wengine hawatakubaliana nalo. Ushauri wa kawaida ni "hifadhi umbo lote unapokopi". Mimi naona ushauri huo ni nusu. Umbo la nambari za simu na la tarehe, lilinde kwa nguvu zote. Lakini rangi iache ipotee, na usiwahi kuipa kazi ya maana. Vikundi vingi vinaandika kwa rangi: nyekundu hajalipa, njano amelipa nusu, kijani amemaliza. Inapendeza kweli. Kisha mtu anapesti "values" peke yake kwenye jedwali jipya na rangi zinabaki nyuma. Au orodha inatumwa WhatsApp kama maandishi. Au saiba wanachapisha kwa wino mweusi, kijani na nyekundu zote zinatoka kijivu. Deni la mtu limefutika, au la mwingine limezaliwa. Ongeza safu moja, iite "Hali", uandike amelipa, nusu, bado. Neno linapestiwa popote. Rangi iweke baadaye ukitaka, kama kitambaa juu ya meza.

Njia yenyewe ya kufanya ni fupi kuliko maelezo yote haya. Kabla ya kupesti, chagua safu nzima ya simu kwenye jedwali jipya, uiweke "Text". Kwenye Google Sheets inaitwa "Plain text". Ndipo upesti. Lakini angalia, ukipesti kwa njia ya kawaida kutoka jedwali lingine, umbo la kule linakuja nalo na kuifuta ile "Text" uliyoweka. Tumia "Paste Special" kisha "Values". Kwenye kompyuta yenye Google Sheets, Ctrl+Shift+V inafanya hivyo hivyo.

Kama sufuri ilishapotea, kuweka "Text" sasa hakuirudishi. Kama nambari zilizobaki na tarakimu tisa ziko safu ya B, nenda safu tupu uandike ="0"&B2, ushushe hadi mwisho, kisha ukopi matokeo na kuyapesti kama "Values". Zile za E+11 zilizokwisha kuhifadhiwa kwa CSV hazina dawa. Rudi kwenye ujumbe au taarifa ya akaunti uzichukue upya, hata kama ni watu mia. Usikisie.

Na kama unachotaka ni kuhamisha jedwali zima, rangi, upana wa safu na vyote, usikopi seli. Hamisha ukurasa. Kwenye Excel bofya jina la ukurasa kule chini kwa kitufe cha kulia, chagua "Move or Copy", weka alama kwenye "Create a copy". Google Sheets wana "Copy to". Kinafika kama kilivyotoka. Watu wengi hawaijui njia hii na wanahangaika kupanga upana wa safu upya kila Januari.

Faili ya CSV usiifungue kwa kubofya mara mbili, maana Excel itakula sufuri kabla hujagusa kitu. Fungua Excel tupu, nenda "Data", chagua "From Text/CSV", bonyeza "Transform Data", halafu uiambie kwamba safu ya simu ni "Text".

Wapo wazee kwenye vikundi wanaosema turudi kwenye daftari. Siwacheki. Daftari halijawahi kula sufuri ya mtu, na mstari uliokatwa kwa kalamu unaonekana umekatwa. Ila daftari likinyeshewa ndio basi, na watu 30 hawawezi kulisoma usiku mmoja. Ningependekeza kikundi kiwe na vyote viwili kwa miezi mitatu ya kwanza, na siku ya mkutano katibu asome daftari huku mweka hazina anaangalia jedwali. Inachukua robo saa.

Kwa wanaolipa vibarua au wanachama wengi kwa mpigo kuna jambo moja zaidi. Unapotuma pesa kwa mtu mmoja, jina lake linaweza kukuonyesha kwamba umekosea. Kwenye faili ya watu 80 macho huchoka, na jina la kumi na tano linafanana na la kumi na sita. Kosa likishapita, kurudishiwa hutegemea kama aliyepokea bado hajaitoa, na si kila mtu anayepokea pesa asiyoitarajia huiacha ikae. Kwa hiyo kabla ya kupakia, hesabu mistari ilingane na orodha ya kwanza, jumla ilingane na ya kwanza, kisha chagua nambari tatu: ya juu, ya chini na moja ya katikati, uzilinganishe tarakimu kwa tarakimu na zile zilizo kwenye simu yako. Kila nambari iwe na tarakimu kumi ikianza na sufuri, au kumi na mbili ikianza na 254. Kwenye Excel andika =LEN(B2) pembeni, ushushe, na yoyote inayotoka 9 utaiona papo hapo.