Kingamwili Si Cheti cha Usalama

Mara nyingi mgonjwa wa Mpanda huniuliza: "Daktari, nikipimwa nikakutwa na kingamwili za UVIKO-19, chanjo ya nini tena?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa pasipo karipio.

Kingamwili ni mfano wa nyayo: huonesha kwamba mwili ulikwisha kukutana na kirusi au chanjo. Hazielezi kinga ni imara kiasi gani, wala itadumu hadi lini. Kipimo nacho hukosea. Tuchukue watu 1,000, kati yao 50 tu ndio waliowahi kuambukizwa. Iwapo kipimo hukosea kwa watu 5 katika kila 100 wasioambukizwa, watu wapatao 48 wataambiwa wana kingamwili ilhali hawana.

Kwa kuichunguza jamii, hata hivyo, kipimo hicho kina manufaa. Watafiti wa Kilifi, Kenya, walipima damu ya wachangiaji 3,098 kati ya Aprili na Juni 2020, wakakuta kingamwili kwa takriban watu 4 katika kila 100. Hapo ikadhihirika kwamba maambukizi yalizidi mno idadi iliyotangazwa.

Lakini kuenea kwa maambukizi si sawa na kumalizika kwa hatari. Mjini Manaus, Brazil, uchunguzi wa aina hiyo ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi walikwisha kuambukizwa kufikia Oktoba 2020. Januari 2021 wagonjwa walifurika tena hospitalini, na oksijeni ikaadimika. Kinga hufifia, na kirusi hubadilika.

Kwa Katavi, somo hili ni zito. Kungoja kinga ya jamii ipatikane kwa kuugua ni kuwabebesha gharama wazee, wenye kisukari na wenye shinikizo la damu. Mzee wa Karema au Mishamo akikosa pumzi usiku, safari ya kuifuata oksijeni mjini ni ndefu. Chanjo, iliyozinduliwa nchini Julai 28, 2021, hujenga kinga bila kutoza gharama hiyo.

Wahudumu wenzangu, tusitumie kipimo cha kingamwili kuamua nani achanjwe, wala kumpimia mwenye homa ya jana. Kingamwili huchukua wiki moja hadi mbili kuonekana. Tuulize umri na maradhi aliyonayo. Nawe mgonjwa, ukipewa majibu ya kingamwili, yapokee kama habari ya jana, si ahadi ya kesho.