Jicho Lionalo Ndani ya Tunda

Wahenga walionya kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tunda laweza kumeta ganda ilhali limekwisha kupondeka ndani. Kamera za infraredi hulifichua pondeko hilo bila kisu: seli zilizopasuka humwaga maji mahali palipokuwa na hewa, nuru hubadili mwenendo, na doa jeusi hujitokeza pichani. Eksirei nazo hufichua matundu ya wadudu.

Haja ya jicho hilo si ndogo. Mwaka 2014, Kenya ilisitisha uuzaji wa maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, ambaye funza wake hujificha ndani. Biashara ikarejea 2021.

Hata hivyo, maarifa haya yangali yamefungiwa katika Kiingereza, ingawa Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Kiswahili tayari hutofautisha kuchubuka, kupondeka na kuoza. Wanaistilahi na waanzie hapo, wakishauriana na wakulima wa Makueni. Mashine ikilihukumu embe kwa lugha asiyoielewa mwenye shamba, ataijua hasara asiijue sababu.