Kalamu Nyekundu Isiyojisoma

Imekuwa ada miongoni mwa wahadhiri wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya kulalamika kwamba wanafunzi hawajui kuandika. Malalamiko haya huzuka kila msimu wa mitihani, nayo hutolewa kana kwamba kasoro imezaliwa mbali na idara na itatatuliwa mbali nayo. Hoja inayotetewa hapa ni kinyume cha hayo. Uandishi wa mwanafunzi ni zao la namna ulivyosomwa na walimu waliotangulia. Na mwalimu asiyetafakari jinsi anavyousoma hana haki ya kushangazwa na anachoandikiwa.

Chimbuko la tatizo linajulikana. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989. Katika karatasi ya insha, mtahiniwa huandika insha mbili zenye jumla ya alama 40 kwa muda wa saa moja na dakika arobaini na tano. Hapana nafasi ya rasimu ya pili, seuze ya tatu. Kwa hiyo mwanafunzi hujifunza linalolipa: utangulizi uliokaririwa, methali iliyopachikwa, msamiati wa fahari na hitimisho linalorudia utangulizi. Afikapo chuo kikuu akahakiki riwaya kwa mtindo uo huo, mhadhiri hughadhibika. Lakini aliyemfunza mtindo huo ni mwalimu wa sekondari, na mwalimu huyo, aghalabu, ni mhitimu wa idara kama ya mhadhiri mwenyewe. Lawama iliyotupwa nje ya chuo inarudi kupitia lango lilelile.

Na idara nayo hufunza nini kuhusu uandishi? Jibu liko pambizoni mwa karatasi zilizosahihishwa. "Fafanua." "Sarufi!" "Mtiririko hafifu." Pengine alama ya kuuliza tu, isiyoeleza kinachoulizwa. Nancy Sommers, katika makala yake ya mwaka 1982 kuhusu maoni ya walimu juu ya kazi za wanafunzi nchini Marekani, alionyesha kuwa mengi ya maoni hayo hayaihusu matini iliyo mbele ya mwalimu. Yangeweza kuhamishwa kwenye karatasi nyingine yoyote bila kupoteza maana. Mhadhiri yeyote anayetilia shaka kwamba hukumu hiyo inamgusa na achukue karatasi kumi alizosahihisha yeye mwenyewe, ayanakili maoni yake peke yake, kisha ajaribu kubainisha lipi lilikuwa la nani.

Hata kosa la sarufi halisomwi ipasavyo. Mwanafunzi akiandika "mawazo zake" au "vitabu zimeandikwa", kalamu nyekundu hupiga mstari na kusonga mbele. Ilhali kosa hilo lina utaratibu wake: katika Kiswahili cha mitaa ya Nairobi, kiambishi cha upatanisho zi- kimepanuka na kutwaa nafasi ya ya- na vi-. Mwandishi huyo anafuata kanuni, ila si ile inayotakiwa na usanifu. Mina Shaughnessy, aliyefundisha katika City College, New York, alilithibitisha jambo la aina hii katika kitabu chake cha mwaka 1977: makosa ya waandishi wachanga yana mantiki, na mwalimu asiyeitafuta mantiki hiyo hawezi kuyaondoa.

Kinaya ni kwamba wanaopuuza usomaji huu ni wahakiki. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe ili fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya mtaala. Katika miaka ya 1970, wanamapokeo na wanamabadiliko walichuana vikali juu ya vina na mizani katika ushairi wa Kiswahili. Mijadala hiyo ilibadili kinachosomwa na kinachohesabiwa kuwa sanaa. Haikuigusa matini inayopita mikononi mwa mwalimu kila wiki, yaani ile ya mwanafunzi. Ubeti mmoja huandikiwa kurasa nne. Insha ya kurasa nne huandikiwa neno moja.

Tafakuri inayodaiwa hapa si toba, wala si fomu ya kujitathmini inayojazwa kuridhisha ofisi ya ubora. Donald Schön, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alitofautisha kutafakari ndani ya tendo na kutafakari baada yake. Yote mawili huanza pale mtaalamu anapokubali kwamba huenda tatizo amelitaja vibaya. Kwa mwalimu wa uandishi, maana yake ni vitendo: kulijibu yeye mwenyewe swali analowapa wanafunzi kabla ya kuwapa, kusoma rasimu kabla ya kutoa alama, kubadilishana karatasi na mwenzake, na kujiuliza, kwa kila maoni, mwanafunzi ataweza kufanya nini nayo.

Watakaopinga watataja idadi. Ni kweli kwamba madarasa yamefurika, na tafakuri ya mwalimu isiwe kisingizio cha chuo kutoajiri. Hata hivyo, wingi hauelezi kwa nini maoni matano yasiyo na maana yaandikwe mahali ambapo moja lenye maana lingetosha. Aya moja iliyosomwa kwa makini na kuandikwa upya humfaa mwanafunzi kuliko kurasa kumi zilizochorwa mistari.

Kilicho hatarini si alama. Wanaoandika insha hizi ndio watakaokuwa wahakiki wa kesho na waandishi wa majarida kama hili. Idara isiyowasoma leo isitarajie kuwa na cha kusoma baadaye.